Ufagio wa Asubuhi: Vumbi, Klorini na Mapafu ya Mwanafunzi

Katika shule nyingi za msingi nchini Tanzania, kama ilivyo katika nchi jirani, siku huanza kwa ufagio kabla haijaanza kwa kengele. Wanafunzi wa zamu hufika mapema. Baadhi hushika fagio za chelewa na kuufagia uwanja, baadhi huingia madarasani, na wengine, ambao zamu yao haionewi wivu na mtu, hupelekwa vyooni na ndoo. Desturi hii haikuzuka hivi hivi. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, iliihesabu kazi ya mikono kuwa sehemu ya elimu yenyewe. Na kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowafikia watu wazima wapatao milioni 2 kwa njia ya redio na vikundi vya kujisomea, ilieneza fikra kwamba usafi wa mazingira ni kinga dhidi ya maradhi. Hapana sababu ya kuyatengua hayo. Lakini liko swali ambalo aghalabu haliulizwi: vumbi likishafagiwa, huenda wapi?

Jibu la haraka ni kwamba huenda mlangoni, kisha jalalani. Jibu hilo ni sahihi kwa mchanga, vipande vya karatasi na maganda ya machungwa. Kwa chembechembe zile ndogo, ambazo ndizo zenye madhara zaidi, si sahihi hata kidogo.

Safari ya chembe ya vumbi

Mwaka 1851 mwanahisabati George Gabriel Stokes wa Chuo Kikuu cha Cambridge alichapisha kanuni inayoonyesha jinsi chembe ndogo ya mviringo inavyozama katika maji au hewa. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, kasi ya kuanguka hufuata mraba wa kipenyo: kipenyo kikipungua mara 10, kasi hupungua takriban mara 100. Vipimo vya chembe hizi hutajwa kwa mikromita, na mikromita 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa mikromita 70 hivi.

Chembe ya udongo yenye kipenyo cha mikromita 10, ikiachwa katika hewa iliyotulia kwenye kimo cha mita 1.2, ambacho ni karibu na kimo cha pua ya mtoto wa miaka tisa aliyesimama, hufika sakafuni kwa muda wa dakika mbili na nusu. Chembe ya mikromita 1 huhitaji zaidi ya saa tatu na nusu. Na hewa ya darasani haijapata kutulia: watoto huingia na kutoka, mlango hufunguliwa, upepo huvuma dirishani. Kwa hiyo darasa lililofagiwa likiwa kavu saa moja na nusu asubuhi huonekana safi kipindi cha kwanza kinapoanza, ilhali sehemu ya vumbi lake ingali hewani na itaendelea kuelea hadi yapata saa tano. Sakafu imesafishwa kwa kuichafua hewa.

Mwili una kinga zake. Chembe kubwa kuliko mikromita 10 hunaswa kwa sehemu kubwa puani na kooni, kisha hutolewa kwa chafya na makohozi. Zilizo ndogo zaidi hupenya hadi kwenye mirija ya mapafu, na zile za mikromita 4 au chini yake huweza kufika kwenye vifuko vidogo vya hewa, mahali ambapo damu hupokea oksijeni. Mtoto huvuta hewa nyingi zaidi kuliko mtu mzima kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye pumu huathirika kwa kiasi cha vumbi ambacho mwenzake hakihisi. Tena, anayelivuta vumbi hilo kwa wingi kuliko wote ni yule aliyeinama juu ya ufagio.

Katika majengo ya zamani jambo hili huzidi uzito. Rangi za zamani zilizochanganywa na madini ya risasi hubanduka na kusagika zikawa sehemu ya vumbi la sakafuni, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Mabaki ya mabati ya asbesto hayafai kufagiwa na mwanafunzi kwa namna yoyote ile.

Maji kidogo na saa nyingine

Dawa ya vumbi ni maji, wala si mengi. Maji yakiingia kati ya chembe na chembe huzigandamanisha, na donge zito la chembe elfu moja huanguka mara moja badala ya kuelea. Chumba cha mita 7 kwa 9 kikinyunyiziwa lita 3 kwa mkono au kwa kopo lenye matundu, tabaka la maji linalopatikana halifikii hata sehemu moja ya kumi ya milimita, na hilo latosha kulituliza vumbi kabla ya ufagio kupita. Hoja hii ina maana, kwa kuwa ziko shule ambako kila mtoto hubeba dumu la maji kutoka nyumbani, na mwalimu hawezi kulaumiwa akiyatunza kwa ajili ya kunywa na kunawa. Pale ambapo hata lita 3 ni nyingi, unga wa mbao kutoka kwa seremala, ukiloweshwa kidogo na kutawanywa sakafuni, hulikusanya vumbi mbele ya ufagio. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika hufanya kazi hiyo hiyo, nayo hutupwa bure kila siku.

Sakafu ya saruji hufaa zaidi kupigwa deki. Hapo kosa la kawaida ni la ndoo moja: tambara huchovywa katika maji yale yale tangu darasa la kwanza hadi la saba, na mwisho wake uchafu husambazwa kwa usawa shule nzima. Ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia tambara, huondoa kasoro hiyo pasipo gharama kubwa. Madawati nayo yafutwe kwa kitambaa chenye unyevu. Kuyapangusa kwa kitambaa kikavu ni kulirusha vumbi upya.

Badiliko lenye faida kuliko yote halihitaji hata maji, kwani ni la saa tu. Darasa likifagiwa baada ya vipindi kwisha, madirisha yakiwa wazi, usiku mzima hubaki kwa ajili ya vumbi kutua. Asubuhi yake kazi iliyobaki ni kufuta madawati. Yamkini desturi ya kufagia alfajiri ilitokana na adabu njema ya nyumbani, ambapo mgeni hapaswi kuukuta uwanja haujafagiwa. Lakini nyumbani watoto hamsini hawaketi chumbani nusu saa baada ya ufagio.

Harufu si usafi

Wengi hulipima tambara kwa pua: pasiponukia dawa, pameachwa pachafu. Kipimo hicho hupotosha. Sabuni na maji huondoa uchafu pamoja na vijidudu vilivyomo, kwa kuwa kila molekuli ya sabuni ina upande unaoshikamana na mafuta na upande unaoshikamana na maji. Dawa ya kuua vijidudu ni kitu kingine, na huhitajika mahali pachache: chooni, panapomwagika damu au matapishi, na wakati wa mlipuko wa ugonjwa kama kipindupindu.

Dawa iliyozoeleka zaidi Afrika Mashariki ni jiki, yaani maji yenye sodiamu hipokloraiti, mara nyingi kwa kiasi cha asilimia 3.5. Ili kupata nguvu ya asilimia 0.1, inayotosha kwa vitu vinavyoshikwashikwa, sehemu 1 ya dawa huchanganywa na sehemu 34 za maji. Kwa damu na matapishi, sehemu 1 kwa 6. Klorini huisha nguvu ikikutana na uchafu, kwa hiyo kuimwaga juu ya tope au kinyesi ni hasara tupu. Uchafu huoshwa kwanza. Kuinyunyiza hewani kwa bomba hakufai kabisa: Shirika la Afya Duniani lilishauri dhidi ya jambo hilo mwezi Mei 2020, wakati wa janga la UVIKO-19.

Hatari iliyo kubwa zaidi imo vyooni. Mkojo uliokaa hutoa amonia. Jiki ikimwagwa juu yake, huzaliwa kloramini, hewa inayochoma macho na koo. Jiki ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi, hutoka gesi ya klorini yenyewe, ile iliyotumiwa kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa mara mbili na nusu, hivyo hukaa chini, mahali hasa anapochuchumaa mtoto mwenye brashi. Kanuni ni kutangulia kuosha kwa maji mengi, kisha kutumia dawa moja peke yake, mlango ukiwa wazi; na kazi hiyo ya dawa aifanye mtu mzima.

Suala la mtu mzima si la kubembeleza watoto. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 6,000 waliofuatiliwa kwa miaka ipatayo 20. Wanawake waliokuwa wakifanya usafi, nyumbani au kwa ajira, walionekana kupungukiwa nguvu ya mapafu upesi kuliko wasiofanya. Jimbo la New York nchini Marekani lilitunga sheria mwaka 2005 kuzitaka shule zake zitumie dawa za usafi zisizodhuru sana, na huko wanaosafisha ni wafanyakazi wa kuajiriwa. Mwenye umri wa miaka kumi ana mapafu ambayo bado yanakua.

Kwa vyoo vya shimo ipo sababu nyingine ya kuibana mkono dawa. Kinyesi hupungua shimoni kwa kazi ya bakteria, na klorini au dawa nyeusi za lami zikimiminwa humo kila siku huwaua wafanyakazi hao, shimo likajaa kabla ya wakati wake. Sakafu ya choo yasuguliwe kwa sabuni. Pakiwa na mafuta, magadi husaidia. Pakiwa na ukoko wa maji ya chumvi, siki au ndimu. Kuvichanganya viwili hivyo, kama wengi wapendavyo kwa sababu ya povu lake, ni kuvifanya vibatilishane. Povu lile ni hewa ya kaboni dayoksaidi tu.

Jiki hupoteza nguvu kwa joto na mwanga, kwa hiyo huwekwa kabatini, penye giza, kwa kufuli, ndani ya chupa yake yenye maandishi. Isihamishiwe kamwe katika chupa ya soda.