Msako wa 1983 na Risiti za Kenya

Machi 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha msako mkali dhidi ya walanguzi nchini Tanzania. Vita vya Kagera dhidi ya Uganda vilikuwa vimekomba fedha za kigeni, viwanda vikisuasua, na sukari, sabuni na khanga zikiuzwa kwa mlango wa nyuma. Wananchi waliochoka kupanga foleni walikuwa na haki ya kukasirika. Zaidi ya watu elfu moja walikamatwa, na sheria maalumu ya uhujumu uchumi ikatungwa.

Maduka hayakujaa. Baadhi ya wafanyabiashara, kwa woga, walitupa mali porini au kuitosa majini, hasara iliyomrudia mlaji yuleyule aliyekusudiwa kulindwa. Bidhaa zilianza kuonekana tena baada ya bajeti ya 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza kutoka nje.

Ulanguzi hulishwa na uhaba, na pia na hofu ya uhaba. Mzazi anayenunua unga wa miezi mitatu kwa sababu ya uvumi si mlanguzi. Lakini mtaa mzima ukifanya hivyo, unga unaisha kweli, na mwenye ghala anapata sababu ya kungoja bei ipande. Kwa hiyo akiba iliyopo itangazwe mapema, na kiwango cha kumuuzia kila mteja kiwekwe siku ya kwanza, kabla ya foleni.

Vipi anayepandisha bei makusudi?

Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020. Siku chache baadaye, Mamlaka ya Ushindani iliiagiza Cleanshelf, kampuni ya supamaketi, iwatafute wateja waliouziwa vitakasa mikono vya mililita 500 kwa zaidi ya bei ya kawaida na kuwarejeshea fedha. Hiyo ni adhabu bora kuliko kufunga duka: aliyeumizwa analipwa, faida ya ulanguzi inayeyuka, na bidhaa inabaki rafuni.

Ila ilitegemea kumbukumbu za mauzo, na kibandani hakuna risiti. Tena si kila bei inayopanda ni dhuluma. Barabara ikikatika, nauli ya mzigo hupanda kweli. Ndiyo maana wenye vibanda wanapaswa kutakiwa kubandika bei na tarehe ukutani tangu siku za kawaida, ili afisa anayefika wakati wa mafuriko awe na bei ya jana ya kulinganisha na ya leo, kisha aulize gharama iliyoongezeka.