JE, WAJUA? Studi ya gurudumu hufanya kazi kama springi

Nati inapokazwa, studi, yaani kile chuma chenye nyuzi kinachochomoza kwenye habu, hurefuka kidogo sana, kisha huvuta ili irudi urefu wake. Mvuto huo ndio unaobana rimu, na msuguano kati ya rimu na habu ndio unaobeba gari. Kwa hiyo kutu, rangi au udongo ukibaki katikati, utasagika njiani na nati zitalegea, hata kama zilikazwa vizuri.

Gari nyingi ndogo za Toyota zina studi za milimita 12, na nati hukazwa kwa newton-mita (Nm) 103. Fundi anayepanda juu ya wili spana na kuruka hupita kipimo hicho kwa mbali. Studi iliyovutwa kupita kiasi hairudi tena. Hudhoofika kimyakimya na siku moja hukatika. Oili kwenye nyuzi huleta balaa lilelile, maana nati huteleza na kuvuta zaidi.

Studi moja ikikatika, badilisha na jirani zake, kwa kuwa zilibeba mzigo wake. Studi ya zamani hugongwa kutoka mbele, na mpya huingizwa kwa nyuma. Baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza tena, ukiruka nati kwa nati kama unachora nyota.

Zamani Chrysler ya Marekani iliweka nyuzi za kinyume kwenye magurudumu ya kushoto. Asiyejua alikata studi akidhani anafungua.