Wachezaji Wakigoma, Televisheni Itaonyesha Nini?



Katika mikutano ya matawi yetu mara kwa mara huzuka swali ambalo halimo katika ajenda. Je, wachezaji wa mpira wanaolipwa ni wafanyakazi kama sisi? Na kama ni wafanyakazi, wakigoma nani ataumia, maana hawachumi chai wala hawakati miwa?

Swali la kwanza halina maneno mengi. Mtu anayeuza nguvu za mwili wake kwa mkataba, akapangiwa saa ya kufika na kazi ya kufanya, na siku akivunjika goti mwingine akaletwa mahali pake, huyo ni mfanyakazi hata kama mshahara wake ni mkubwa. Swali la pili ndilo linalotaka maelezo. Nimechagua kuyatoa Marekani, kwa sababu huko wachezaji wamekwisha kugoma na pia kufungiwa nje na matajiri wao, na kila mara televisheni ilikuwa katikati ya ugomvi.

Mpira ninaousema si huu tunaoucheza sisi. Wamarekani wana mpira wao wenye umbo la yai, ambao hushikwa na kurushwa kwa mikono, na wachezaji huvaa kofia ngumu na mito mabegani kwa sababu ya kugongana. Kwa nini wameuita mpira wa miguu, hilo waulizwe wenyewe. Ligi yao kubwa inaitwa NFL. Msimu huanza Septemba, na mechi nyingi huchezwa siku ya Jumapili. Nyumba nyingi huko Jumapili mchana hazina shughuli nyingine.

Sasa tutazame fedha inavyopita. Kampuni ya televisheni hununua kwa ligi haki ya kuonyesha mechi, na mkataba wake huwa wa miaka mingi. Kisha kampuni hiyo huwauzia wenye bia, wenye magari na wenye sabuni nafasi za kutangaza bidhaa zao katikati ya mchezo. Bei ya nafasi hutegemea ni watu wangapi wanatazama. Kwa hiyo kinachouzwa hapo ni macho ya watazamaji, na mpira ndio unaoyaleta macho hayo mbele ya skrini. Mwaka 1982 NFL ilifanya mkataba wa miaka 5 na kampuni tatu, ABC, CBS na NBC, kwa zaidi ya dola bilioni 2. Ligi ilikuwa na timu 28, nazo hugawana fedha hiyo sawasawa. Ukipiga hesabu utaona kila timu ilikuwa na zaidi ya dola milioni 14 kwa mwaka kabla hata tiketi moja haijauzwa mlangoni.

Wachezaji nao walipiga hesabu hiyo hiyo. Chama chao, chini ya Ed Garvey, kilidai asilimia 55 ya mapato yote. Matajiri wakakataa, na tarehe 21 Septemba 1982 mgomo ukaanza. Ulidumu siku 57.

Hapo ndipo kampuni za televisheni zilipoona taabu. Chai ikishakaushwa huwekwa ghalani ikangoja mnunuzi. Mechi haina ghala. Isipochezwa Jumapili hii imepotea, na saa za mchana zile zile bado zinadai kujazwa. NBC ilikimbilia mechi za ligi ya Kanada, ambako uwanja ni mkubwa zaidi na sheria nyingine ni tofauti. Watazamaji hawakuzipenda, na haikuchukua muda kampuni ikaziacha. CBS ilikwenda kwenye vyuo vidogo, kwa vijana ambao hawalipwi na wala hawapewi ada ya masomo kwa ajili ya kucheza, ikawapelekea watangazaji wake wakubwa kabisa, Pat Summerall na John Madden. Ni sawa na kumleta mtangazaji mkuu wa redio ya taifa aje atangaze mechi ya idara ya boila na idara ya magunia. Chama cha wachezaji nacho kilijaribu kuandaa mechi zake chenyewe, Washington na Los Angeles, kikazionyesha katika televisheni nyingine. Viwanja vilikuwa karibu vitupu. Watu walikuwa wamezoea timu zao na rangi zao, na hizo zilikuwa mali ya matajiri.

Tusiwasahau wale wasiotajwa. Fundi wa kamera anayeajiriwa kwa siku ya mechi, mvuta nyaya, mama anayeuza chakula uwanjani, kijana anayelinda magari: hao ni vibarua, na kibarua kikikosekana hakuna anayewalipa. Hawakupiga kura ya mgomo. Chama chenye akili huwaeleza watu kama hao mapema, kwa sababu tajiri atakuwa wa kwanza kwenda kuwaambia nani amewanyima posho.

Mgomo wa 1982 ulikwisha tarehe 16 Novemba. Msimu wa mechi 16 ukawa wa mechi 9. Wachezaji hawakupata asilimia waliyotaka. Walipata kima cha chini cha mshahara kinachopanda kwa kadiri ya miaka ya kazi, na malipo ya kuachishwa kazi. Si haba, lakini fungu la mapato ya televisheni liliwapita.

Matajiri walijifunza jambo moja kutokana na siku zile 57: televisheni ikikosa picha, wao wenyewe hubanwa. Basi mgomo wa pili ulipoanza, tarehe 22 Septemba 1987, walikuwa tayari. Wachezaji safari hii, chini ya Gene Upshaw, walidai uhuru wa kuhamia timu nyingine mkataba ukiisha. Mechi za Jumapili moja zilifutwa. Jumapili iliyofuata, timu zote zilikuwa uwanjani. Matajiri walikuwa wameokota watu waliokwisha kuachwa na ligi na watu waliokuwa na kazi nyingine kabisa, wakawavika fulana zile zile. Televisheni zikaonyesha. Watazamaji walipungua, lakini skrini haikuwa tupu, matangazo ya biashara yaliendelea, na mishahara ya hao mbadala ilikuwa midogo sana.

Si kila mahali walipopokewa. Philadelphia ni mji wenye vyama imara, na madereva wa malori walikuja kuzunguka uwanja pamoja na wachezaji. Siku hiyo, katika uwanja wa maelfu kwa maelfu, waliingia watu 4,074. Lakini mlango wa uwanja haukuwa tena ndio unaomlisha tajiri. Tunaposimama mbele ya geti la kiwanda tukazuia magari, tunazuia mali isitoke. Pale Philadelphia mali ilikuwa inatoka kwa njia ya hewa, juu ya vichwa vya waliokuwa wamesimama getini.

Ndani ya chama nako kukaingia ufa. Wachezaji mashuhuri, akiwamo Joe Montana, walirudi kazini kabla ya wenzao. Timu ya Washington ndiyo iliyosifika, kwa maana hakuna hata mchezaji wake mmoja aliyevunja mgomo. Baada ya siku 24, tarehe 15 Oktoba, wachezaji walirudi bila mkataba wowote. Uhuru wa kuhama waliupata baadaye, kwa njia ya mahakama, uamuzi wa wazee wa baraza mwaka 1992 na mapatano mwaka 1993. Ni miaka sita ya kwenda na kurudi kwa wanasheria kupata kile kilichokosekana kwa wiki tatu.

Kabla sijafika kwenye ugomvi wa mwisho, tuvuke bahari kidogo mpaka Uingereza, ambako mpira ni huu wetu, ule tunaolipa kiingilio kuutazama kibandani siku ya Jumamosi. Mwaka 2001 ligi zilitaka kupunguza fungu la fedha ya televisheni linalokwenda kwa chama cha wachezaji. Fungu hilo halikuwa la matajiri wa uwanjani. Lilisaidia walioumia, waliozeeka, na vijana walioachwa na timu bila elimu wala kazi. Chama, chini ya Gordon Taylor, kilipiga kura mwezi Novemba, na asilimia 99 ya waliopiga walikubali mgomo. Tena ulikuwa mgomo wa kupimwa: wachezaji wangekataa tu mechi zenye kamera za televisheni. Mechi nyingine zingechezwa, mtazamaji wa uwanjani angeingia, muuza vitafunio angeuza. Kisu kingekata mahali pamoja tu. Mgomo haukufika. Ligi zilikubali kulipa zaidi ya pauni milioni 50 kwa miaka 3. Mimi naona hiyo ndiyo kura safi kuliko zote ninazozijua katika michezo, maana waliokuwa na mishahara minono walipiga kura kwa ajili ya wenzao wa ligi za chini.

Turudi Marekani. Mwaka 2011 hawakugoma wachezaji. Matajiri ndio waliowafungia nje, kuanzia tarehe 12 Machi. Mapato ya ligi yalikuwa yamefika yapata dola bilioni 9 kwa mwaka, na matajiri walitaka kukata dola bilioni 1 zaidi pembeni kabla ya kugawana na wachezaji, tena mechi ziongezwe kutoka 16 mpaka 18.

Nimewahi kumwona meneja mmoja akisoma gazeti lake kwa utulivu wakati watu wako nje siku ya tano, kwa sababu ghala lake lilikuwa limejaa magunia mpaka mlangoni. Nimesema mechi haina ghala. Matajiri wa NFL walijijengea moja. Walipoongeza mikataba na kampuni za televisheni walitia kifungu kwamba watalipwa hata kama hakuna mechi. Kwa mwaka 2011 fedha hiyo ilikuwa kama dola bilioni 4. Maana yake televisheni ingekaa bila mpira, kampuni ingetafuta cha kujazia Jumapili, mchezaji angekosa mshahara, na tajiri angeendelea kupokea.

Chama kiliisoma mikataba hiyo na kwenda mahakamani. Tarehe 1 Machi 2011, siku chache kabla ya kufungiwa, hakimu David Doty wa Minnesota aliamua kwamba ligi ilivunja wajibu wake: ilipaswa kutafuta bei nzuri kwa faida ya pande zote mbili, nayo ikajitafutia akiba ya ugomvi. Chama nacho kilikuwa kimenunua bima kimya kimya, ili wachezaji wapate chochote msimu ukifutwa. Tarehe 25 Julai pande mbili zilikubaliana. Msimu ulibaki wa mechi 16, na mechi iliyopotea ni moja tu, ya maandalizi, iliyokuwa ichezwe Canton mwezi Agosti. Mtazamaji wa nyumbani hakupoteza hata Jumapili moja ya msimu wenyewe.

Basi anayeuliza televisheni itaonyesha nini wachezaji wakigoma, aulize kwanza kama kampuni italipa au haitalipa, na kama kuna watu wa kuvikwa fulana. Mkataba wa pamoja wa wachezaji wa NFL uliotiwa saini mwaka 2020 unakwenda mpaka msimu wa 2030. Mikataba ya televisheni iliyotangazwa mwaka 2021, yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 100, iliandikwa kufika msimu wa 2033. Wa wachezaji ndio unaotangulia kwisha.