Mtambo, Kizibo na Komeo: Istilahi za Bunduki za Shabaha

Mfasiri anayepewa kanuni za mashindano ya kulenga shabaha ili azitie katika Kiswahili hukumbana na tatizo mapema. Ile sehemu ya bunduki inayofunga nyuma ya kasiba, inayoifyatua risasi na kulitoa ganda lake, huitwa kwa Kiingereza kwa neno lile lile tulilozoea kulifasiri "kitendo". Matokeo yake ni sentensi kama "bunduki iwekwe chini kitendo kikiwa wazi", ambayo haimwelezi msomaji kitu. Wengine, kwa kulikwepa kosa hilo, huandika "bolti" kila mahali. Kosa hili la pili ni baya zaidi, kwa kuwa linaeleweka, ila linaeleweka vibaya. Katika makala hii tunakusudia kulinganisha mitambo ya zamani na ya siku hizi ili ionekane kwa nini ni hivyo.

Bunduki tunazozizungumzia ni zile nyepesi za milimita 5.6, zitumikazo katika mashindano ya mita 50. Risasi zake, za aina iliyotokea Marekani mwaka 1887, hazina fataki katikati ya kitako cha ganda. Kemikali ya fataki imetandazwa ndani ya ukingo wake, na pini huugonga ukingo huo. Ndiyo sababu tunapendelea kuziita risasi za fataki ya ukingo. Duara la alama kumi katika shabaha ya mita 50 lina kipenyo cha milimita 10.4 tu. Kwa hiyo mtikisiko wowote, hata mdogo, kati ya kuvutwa kwa kifyatulio na kutoka kwa risasi, unaweza kumpotezea mlengaji alama. Ubora wa mtambo hupimwa hapo kwanza.

Nchini Uingereza, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, walengaji wengi walitumia mtambo wa Martini. Asili yake ni bunduki kubwa ya kivita iliyopokewa na jeshi la nchi hiyo mwaka 1871. Baadaye kiwanda cha BSA cha Birmingham kiliutumia katika bunduki ndogo za shabaha. Ndani ya kiunzi cha chuma mna kipande kizito kilichoegemezwa kwa nyuma. Chini ya bunduki pana wenzo. Ukishushwa, ncha ya mbele ya kipande kile huinama na kuacha tundu la kasiba wazi, na ganda hutolewa. Ukipandishwa, kipande huinuka na kuziba. Mtambo huu ni mfupi, na pini yake husafiri mwendo mdogo tu kabla ya kugonga. Kasoro yake ni kwamba kiunzi huigawa sehemu ya mti mara mbili, kitako nyuma na kishikio mbele, na vipande viwili vya mti haviwezi kuishika kasiba kwa utulivu kama kipande kimoja.

Marekani na Ujerumani zilifuata njia nyingine. Winchester 52, iliyoingia sokoni karibu na mwaka 1920, na baadaye Anschütz 54 ya mji wa Ulm, hufungwa kwa mhimili wa chuma unaosukumwa mbele, kisha mpini wake ukashushwa. Nani kati yetu asiyelijua komeo la mlango, lile lenye mkono unaoinuliwa, ukavutwa, ukasukumwa na kulazwa? Jambo ni lile lile, na neno tunalo. Ajabu ni kwamba tumeliacha na kuazima "bolti", ambalo fundi yeyote wa gereji analijua kuwa ni kitu cha kukazwa kwa spana. Tena mtambo wenyewe hushikizwa kwenye mti kwa bolti za namna hiyo hiyo! Kitabu cha maelekezo kikisema "hakikisha bolti imekazwa" hapo na "vuta bolti" katika ukurasa unaofuata, mwanafunzi atafanya nini?

Mitambo mipya imebadilika mahali ambapo wengi hawatazamii. Katika Anschütz 54 kiunzi ni cha mviringo, na kukilaza vizuri juu ya mti ni kazi ya fundi stadi. Katika Anschütz 2013 kiunzi ni bonge la pembe nne lenye tumbo bapa, linalokaa sawasawa hata juu ya alumini. Komeo lenyewe halikubadilika sana. Mabadiliko makubwa ya komeo yalikuja katika miaka ya 1980 kwa mahitaji ya mchezo mwingine, yaani mbio za kuteleza juu ya theluji zenye vituo vya kulenga, mchezo uliohamia risasi hizi ndogo mwaka 1978. Huko muda unahesabiwa, na bunduki ya kujipakia yenyewe hairuhusiwi. Mtambo wa Fortner hauna mpini wa kuinua: kidole huvuta komeo moja kwa moja nyuma, gumba hulirudisha, na gololi ndogo za chuma hulifunga. Katika mashindano ya kawaida ya mita 50, ambako hakuna haraka ya namna hiyo, komeo la kuzungusha limebaki. Basi mfasiri ajihadhari na kuuita mtambo wowote "duni" kwa sababu tu ulitangulia.

Sasa turudi kwenye amri ya msimamizi wa uwanja. Akitangaza "inueni bolti na kuivuta nyuma", mwenye Martini hana cha kuinua, na mwenye Fortner anavuta bila kuinua. Mmoja akisita, au akidhani amri haimhusu, bunduki yenye risasi inabaki imefungwa wakati watu wanakwenda mbele kubadili shabaha. Amri iliyo salama ni "fungueni mitambo", kwa sababu hutaja kazi wala si umbo. Kwa hoja hiyo hiyo tunaona neno la jumla kwa kile kinachofunga tundu liwe kizibo: cha Martini ni kizibo cha kuinama, na komeo ni kizibo cha kusukuma, liwe la kuzungusha au la kuvuta. Kiunzi ndicho kinachovibeba vyote.

Limebaki jambo moja linalosumbua. Kanuni hutaka kila bunduki iliyofunguliwa itiwe alama ya rangi kali, ambayo kwa Kiingereza huitwa bendera. Tukiandika "bendera ya usalama" watu watatafuta kitambaa na mlingoti. Mara nyingi kitu chenyewe ni uzi mnene wa plastiki unaopitishwa ndani ya kasiba, hivyo kwamba risasi haiwezi kukaa wala mtambo kufungika. Sisi tungeandika "uzi wa usalama".