Kipimo cha damu si hukumu

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii inafaa kukumbukwa na yeyote anayesoma habari za saratani ya mirija ya nyongo, yaani mirija inayotoa nyongo kwenye ini na kuipeleka utumboni. Maradhi haya yameenea sana kaskazini-mashariki mwa Thailand, ambako samaki wabichi wa maji baridi huwaambukiza walaji minyoo ya ini. Upasuaji ndio tumaini kuu la kupona, ingawa mara nyingi saratani hurejea.

Ndiposa wataalamu huchunguza damu kabla ya upasuaji. Mwili uliochokozwa na saratani huwa kana kwamba umejeruhiwa: ini huzidisha protini iitwayo CRP, na albumini hupungua. Huko Glasgow, Scotland, watafiti walibuni alama za 0 hadi 2. CRP ikizidi miligramu 10 kwa lita ni alama moja. Albumini ikiwa chini ya gramu 35 kwa lita ni alama nyingine. Kwa jumla, wenye alama nyingi huishi muda mfupi zaidi baada ya upasuaji.

Hapa mwanaisimu ana la kusema. "Huishi muda mfupi" ni kauli kuhusu kundi. Mgonjwa akiambiwa "utaishi muda mfupi", makadirio yamegeuzwa kuwa hukumu. Kiambishi hu- hueleza mazoea ya wengi. U- na -ta- humlenga mtu mmoja na kesho yake. Isitoshe, mirija iliyoziba huweza kuingiwa na bakteria, CRP ikapanda bila saratani yenyewe kuzidi.

Aidha, neno "uvimbe" tunalitumia kwa saratani iliyoota na pia kwa mwili uliofura. Mgonjwa akielezwa kwamba damu yake ina dalili za uvimbe, yamkini atadhani ameota saratani ya pili!

Walimu wenzangu, tunapofundisha nyakati na hali za vitenzi, tusiishie kwenye mifano ya kulima na kupika. Baadhi ya wanafunzi wetu watakuwa madaktari na wauguzi. Wajue mapema tofauti ya kukadiria na kutabiri, kwani siku moja mgonjwa atawauliza, "Je, nitapona?" Jibu lao litategemea kipimo cha damu, lakini pia litategemea sarufi.