Nyumba ya Mjusi Mwenye Ndevu

Katika nyika na majangwa ya Australia huishi mjusi mwenye ndevu. Anapotishwa, hulivimbisha koo lake lenye miiba likawa jeusi mithili ya ndevu. Baadhi ya watu humfuga nyumbani.

Mjusi huyu hawezi kutengeneza joto la kutosha mwilini mwake. Asubuhi huota jua. Joto likizidi hukimbilia kivulini. Kwa hiyo sanduku lake liwe refu, yapata sentimeta 120, nalo lifunikwe kwa wavu ili hewa ipite. Upande mmoja weka jiwe chini ya taa, joto lifikie nyuzi 40 hivi za Selsiasi. Upande wa pili uwe na pango la kujificha, joto lisizidi nyuzi 27. Pima kila upande kwa kipimajoto.

Je, mwanga wa jua upitao katika kioo cha dirisha wamtosha? La. Kioo huzuia miali ya urujuanimno ambayo humwezesha kutengeneza vitamini D. Akiikosa vitamini hiyo, mifupa yake hulainika, hata akashindwa kutembea. Ndiyo sababu huwekewa taa maalumu itoayo miali hiyo.

Kumbuka: mnyama aliyefungiwa hawezi kujitafutia jua wala kivuli. Aliyemfungia ndiye apaswaye kumpatia vyote viwili.