Gari la Vita Mlangoni pa Raia

Hummer ni mtoto wa jeshi. Asili yake ni Humvee, gari la askari wa Marekani lililoundwa kupita porini na jangwani. Mwaka 1992 lilianza kuuzwa kwa raia, baada ya mcheza sinema Arnold Schwarzenegger kulihimiza.

Ndipo mabishano yalipozuka. Wenye nalo walisema: fedha ni zetu, na chuma kizito huwalinda watoto wetu. Wapinzani wakauliza: je, watoto walio katika gari dogo watalindwa na nani? Mwaka 2008 pipa la mafuta lilipita dola 140, wanunuzi wakapungua. Mwaka 2010 General Motors ikaacha kuliunda.

Jeshini mafuta hutolewa kwa kazi maalumu. Nyumbani hutoka katika mfuko uleule wa unga na karo.